Osmund Mbawala na Alama Nyekundu za Litundu

Ndugu waombolezaji, mimi Gaudence, mdogo wa marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nayasoma kwa aibu, na mtaona kwa nini.

Osmund alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapahapa Litundu, mtoto wa kwanza wa mama yetu Lidwina, akasoma shule ya misheni, akaenda Dar es Salaam kusomea upimaji, akarudi Songea mwaka 1966 kupima barabara. Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na shemeji Notburga, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1988 alikabidhiwa mpango wa barabara kuu mpya ya kwenda Tunduru, ili magari yaachane na ile ya zamani inayofungwa na matope kila masika, naye akaipitisha hapa ili kwao nako kufunguke. Kwa mkono wake alipaka alama nyekundu ya X kwenye nyumba zilizo njiani, akianza na hii ya mama iliyo nyuma yangu, akasema tusijenge wala tusiezeke bati, tungoje fidia, na kwa kuwa ni mtoto wetu, tulingoja.

Mwaka 1993 alipunguzwa kazini, akaacha kuja kijijini. Mabati yalijaa madukani Songea, vijiji vya jirani vikang'aa, sisi tukivujiwa, na masika ya 1995 mama alifariki kwa kichomi chini ya nyasi zilizooza, akisema hadi mwisho kwamba Osmund hawezi kumdanganya.

Baada ya hapo presha ilimwandama kaka, akapooza, akafariki tarehe 19 Februari 1998 nyumbani kwake Lizaboni, mjini Songea. Aliagiza tuwasomee kwamba mpango ulifutwa mwaka uleule wa 1993, naye alijua, akakosa ujasiri wa kusimama mbele ya mama na kulisema jambo hilo.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliotuletea gari. Ninyi majirani, mliopanda jana kuziba paa hili ili jeneza lisinyeshewe, wakati kwenu kunavuja vilevile, hatuna uso wa kuwashukuru.

Barabara haiji, ndugu zangu. Futeni alama, ezekeni nyumba zenu.

Kaka, tumekusemea. Sasa pumzika kwa amani, karibu na mama.