Jua la Sebule ya Motiben

Ubao wanaokalia wanywaji kahawa, hapa Malindi, umeegemea duka lililofungwa zamani. Alasiri hiyo Dena alikuwa amekaa katikati yake, kompyuta mapajani, moto kichwani. Kazi ya kupamba nyumba hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe, na wimbo wake ni mmoja: "Mimi mteja simdanganyi." Motiben, mama wa duka la vitambaa, angepita wakati wowote kutazama picha ya sebule yake itakavyokuwa. Isipompendeza, kazi inakwenda kwa kampuni ya Mombasa. Kushoto kwa Dena alikaa Musyoka, waliyempa jina la Waziri kwa kuwa hana kazi na ana jibu la kila kitu. Kulia Randu, aitwaye Breki, kwa sababu hana.

— Jana sebule hii ilikuwa kiza totoro, akasema Waziri, pua kwenye kioo. Leo jua linamwagika zuliani. Umelitoa wapi?

— Kwenye picha, akajibu Dena. Mtu kasimama kondeni, kapiga picha ya pande zote, mpaka mbinguni. Mimi naifunika nyumba kwayo kama chandarua, programu inachukua mwanga wake na kuupitisha dirishani. Basi!

— Konde la wapi?

— Ulaya. Nimeipata mtandaoni.

— Lo! akaruka Breki. Jua la baridi hilo! Mama wa watu atavaa sweta, Malindi hii?

— Mwache, akasema Waziri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jua la Ulaya likifanya kazi, letu linapumzika.

— Jua la picha halina joto, nyinyi!

— Na huko lilikotolewa wamebaki na nini? akauliza Breki. Ndiyo maana watalii wanatufikia wamepauka vile. Majua yao yote yamo kwenye kompyuta!

— Naam. Mali bila daftari huisha bila habari, Waziri akatikisa kichwa. Siku wakiyahesabu, watafungua ubalozi sebuleni kwa Motiben.

— Nyweni kahawa! Mnanipandisha presha bure.

Hapo Motiben akatokea, mwavuli kwapani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nionyeshe.

Akatazama kwa muda. Zulia likampendeza, mapazia yakampendeza. Dena kifua kikaanza kujaa. Kisha mama akainama.

— Mwanangu, dirisha hili kwangu limebanana na ghorofa ya jirani yangu Tribhovan. Mkewe akitaka chumvi, ananyoosha mkono tu. Saa sita mchana nawasha taa. Sasa ili jua hili lipite, ghorofa ya watu umeihamishia wapi?

Waziri akainama naye, akaitafuta ghorofa kwenye kioo. Breki akachungulia kikombe kitupu.

Dena alitaka kufoka, akakosa wa kumfokea. Vipimo aliletewa kwa simu; dirishani pale hajasimama hata mara moja.

— Haijahama, mama, akasema. Picha hii ni uongo. Nipeleke nikapige picha ya pande zote humo humo ndani. Tukikiona kiza chenyewe, tutajua tukifanyeje.

Motiben akafungua mwavuli.

— Wale wa Mombasa, dirisha hilo hilo, wameniwekea bahari. Haya, nifuate.