Visa Sita Mgongoni mwa Seba

Benchi la Eness, muuza kahawa, pale mitumbwi inapovutwa ufukweni Nchelenge, Zambia, halina mwenzake kutoka hapa mpaka Mansa. Kahawa yake ingewasha hata injini iliyozama ziwani Mweru mwaka jana. Asubuhi hiyo Sébastien, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, alifika wa kwanza na fimbo yake, akakalia tako moja, maana la pili lilikuwa linawaka moto. Miezi minane tangu dokta amuunganishe mifupa ya mgongo, magunia ya samaki hayabebi tena. Alikuwa anamngoja ba Lackson, bwana mwenye mitumbwi mitatu, ampe kazi ya kushona nyavu. Kazi ya kukaa. Nyingine hana. Kando yake Mwape, waliyemwita Redio, na Kaoma, waliyemwita Loya ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa, walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni.

— Tata Seba, akaanza Redio, bibi yako wa ndoa, Berthe, alisema pale sokoni. Kweli uko na visa mugongoni?

— Kweli. Sita.

— Sita! Loya akamwaga kahawa. Mutu mumoja?

— Zilikuwa ine, dokta akaona hazitoshi.

— Unasikia, Redio? Dokta mwenyewe njo anazigawa! Na zinaingia namna gani?

— Wanapasua, wanaingiza, wanashona. Mimi nilikuwa nimelala.

— Wamezishonea ndani ili polisi wa mpaka wasizione! Loya akamwambia Redio. Ndiyo maana hainami!

Sébastien aliona maneno yanakwenda kombo, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, na akili yote ilikuwa huko. Akinyanyuka sasa, atayumba. Akiyumba, ba Lackson atamwona.

— Moja Canada, moja Amerika, Loya akaendelea, zingine za kuuza. Fimbo ni maigizo. Jana nimemuona anatembea vizuri kabisa, kuniona tu, akaanza kuchechemea.

— Asubuhi ni afadhali, Sébastien akasema. Ikifika saa sita ni kisu.

— Saa sita! Visa sita! Redio akapiga paja. Hiyo ni namba ya siri!

Ba Lackson alikuwa amesimama nyuma yao, wavu begani.

— Awe, hapana, Seba. Mutu wa kupanda ndege nimupe nyavu zangu za nini? Utaniachia kazi katikati.

— Ndege gani?

— Si uko na visa!

Polepole, bila kupinda kiuno, Sébastien akatoa bahasha ndani ya shati, akachomoa picha nyeusi ya eksirei ya mgongo wake, akaiinua juani.

— Visi, ba Lackson! Visi! Ni Kifaransa!

Lackson, aliyefungua injini nyingi kuliko alizozirudisha, akasogeza pua.

— Hizi ni skurubu.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, akasema Loya.

— Na zimekazwa? Lackson akauliza.

— Dokta anasema zimekaa vizuri sana.

— Sasa mbona bado inauma?

Wote wakamgeukia Sébastien, naye swali hilo huamka nalo kila siku. Eness akainamisha birika: matone mawili ya mwisho.

Ba Lackson akautua wavu uliochanika juu ya magoti ya Sébastien.

— Anza na tundu hili. Ukichoka kukaa, simama.

— Na nikichoka kusimama?

— Hapo utaniambia wewe.

Sébastien akahamia tako la pili, akauma meno, akatafuta mwanzo wa uzi.