Mbuzi Aliyekula Nywele za Matonya

Kijiwe chetu ni taruma la reli, lile linalolazwa chini ya vyuma vya njia. Wajenzi walilisahau karibu na stesheni ya Dodoma, nasi tukalipandisha juu ya mawe mawili kabla hawajakumbuka. Ni la chuma, kwa hiyo jua likipanda mtu hukalia tako moja moja kwa zamu. Ncha moja tu hupata kivuli cha ghala, na huipata aliyewahi. Anayetuuzia kahawa ni Halfani, Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache kwa sababu mengine yote tumeyamaliza sisi. Yotham tunamwita Karani, maana aliwahi kumbebea karani wa Mdachi meza kutoka Mpwapwa, na tangu siku hiyo anajua mambo yote ya serikali. Sila ni Waya: huweka sikio kwenye nguzo ya simu, akatuletea habari za pwani. Mimi ni Mwendo. Nimebeba mizigo kutoka Bagamoyo hadi Ujiji mara nne, na faida niliyorudi nayo ni tarbushi hii nyekundu kichwani, ambayo sijaivua mbele ya watu huu mwaka wa kumi na moja. Kwa hesabu yangu mwenyewe, mimi na Yotham ni rika moja. Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma, gari moshi la kutoka Morogoro lilikuwa linangojwa, na Matonya akaja amejifunika shuka kichwani kama maiti aliyeghairi kuzikwa.

HALFANI: Kikombe?

MATONYA: Nipe. Ila msinitazame.

KARANI: Hilo umeomba mahali pabaya. Fungua.

Akafungua. Upande wa kulia misuko ilishuka hadi begani, imepakwa samli na udongo mwekundu, kila mmoja mwembamba kama uzi wa shanga. Upande wa kushoto palikuwa na nywele fupi za kipilipili, urefu wa ukucha.

WAYA: Umepigana?

MATONYA: Nililala.

KARANI: Ukalala wapi?

MATONYA: Niliegemea ukuta wa tembe letu, mchana huu. Mbuzi alikuwa juu ya paa, na paa lenyewe ni la chini.

Tukainamisha vichwa kwa heshima ya mbuzi. Vijana wa Kigogo huirefusha misuko yao kwa nyuzi za gome la mbuyu. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Mbuzi peke yake ndiye hakuambiwa kwamba hili ni jambo la siri.

WAYA: Haba na haba hujaza kibaba. Alianza na msuko mmoja tu, yule.

MATONYA: Emilia yumo kwenye gari moshi. Alikuwa kwa shangazi yake mwaka mzima. Wazee wamekubaliana habari ya ng'ombe wa mahari, lakini yeye alisema jibu lake atalitoa kwa mdomo wake siku atakayorudi. Ndiyo leo.

MIMI: Sasa tatizo liko wapi? Kipara huna.

MATONYA: Nilimwapia, kaka Mwendo. Aliniuliza, nikamwapia kwamba nywele zote hizi ni zangu, nimezaliwa nazo.

Halfani akammiminia kikombe cha pili bila kuulizwa.

KARANI: Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo ficha. Mwambie nywele zimechukuliwa na serikali.

MATONYA: Serikali itazifanyia nini?

KARANI: Ndiyo uzuri wa serikali. Ikichukua kitu, hakuna anayeuliza.

WAYA: Atauliza kwa nini upande mmoja. Sema ni simu. Ulipita chini ya waya, nywele ndefu na waya ni ndugu, zikavutana.

KARANI: Zikaenda wapi?

WAYA: Morogoro. Ulizituma kwa simu zikampokee.

MATONYA: Lakini yeye anakuja huku.

WAYA: Basi zimepishana naye Kilosa.

KARANI: Zitarudi?

WAYA: Jumatatu, kama waya hauna shughuli nyingi.

Niliona ni wajibu wangu kuingia, kama mtu aliyeona nchi.

MIMI: Acheni mzaha. Sikiliza, mdogo wangu. Manyema nimewaona walionyoa upande mmoja, Unyamwezi nimewaona waliosuka, pwani nimewaona vichwa vinang'aa kama sahani. Hakuna aliyekufa. Mtu asimame na nywele zake alizopewa, aseme hizi ndizo.

Upepo ukapiga. Nikaishika tarbushi kwa mikono miwili.

Matonya alinitazama muda mrefu kidogo. Halafu akamgeukia Halfani.

MATONYA: Una kisu?

Alikata mwenyewe, msuko mmoja mmoja, akaviweka vipande kwenye taruma kwa mpangilio, kama mtu anayerudisha vitu vya watu. Alipomaliza akapitisha kiganja kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Akapitisha tena.

MATONYA: Upepo unafika mpaka kwenye ngozi.

HALFANI: Vizuri?

MATONYA: Sijui. Ni kama nimetoka bila nguo.

Halfani akamsogezea dele la kahawa, la shaba, ajitazame ubavuni.

MATONYA: Kichwa changu kidogo hivi?

HALFANI: Hilo ni dele. Humo hata mimi nina mashavu.

Gari moshi likapiga filimbi. Matonya akaichukua shuka, akaipandisha mpaka masikioni, akasimama hivyo. Kisha akaiteremsha, akamkabidhi Halfani, akabaki mikono mitupu.

Emilia alishuka na furushi lake. Akaja moja kwa moja hadi kijiweni.

EMILIA: Matonya. Nywele ziko wapi?

KARANI: Serikali!

WAYA: Simu!

MATONYA: Mbuzi amekula. Zilikuwa gome la mbuyu. Nilikudanganya. Zangu ni hizi.

Emilia alimzunguka polepole, akamgusa nyuma ya sikio kwa kidole kimoja.

EMILIA: Gome lile alikuchunia kaka yangu. Nilikuuliza nikiwa najua. Mwaka mzima nimekaa Morogoro nikiwaza kama utaniambia mwenyewe.

MATONYA: Sasa nimekuambia.

EMILIA: Ndiyo. Kamwambie mama yako aanze kutwanga mtama wa harusi.

Matonya akakaa chini, kwenye chuma cha moto, wala hakusikia kitu. Mimi nikakohoa, nipate sehemu yangu ya sifa.

MIMI: Ndivyo nilivyomfundisha, dada. Mtu asione haya kwa nywele zake.

EMILIA: Asante, kaka. Zako zina rangi gani?

Karani alimtazama Waya. Waya aliitazama nguzo. Miaka yote hiyo, na hapakuwa na mtu kijiweni aliyejua. Nikanyoosha mkono nipate kikombe cha kuzibia uso. Halfani akaliinamisha dele: halikutoa hata tone.

Nikaivua tarbushi. Upepo ulifika mpaka kwenye ngozi, Matonya alisema kweli. Nyeupe zote, kuanzia mbele hadi kisogoni, na alama ya ukingo wa kofia kuzunguka kichwa.

Karani aliinuka kwenye ncha yenye kivuli, ambayo nimeigombania naye tangu reli ifike, akaifuta kwa kiganja. Emilia akapiga goti.

EMILIA: Shikamoo, babu.

MIMI: Marahaba.

Nikaenda kukaa kivulini.