Kengele ya Harusi na Kadi Iliyochomolewa

Ngo! Kengele ya kanisa ililia mara moja usiku, kisha kimya. Asubuhi, kwenye benchi la nje ya duka la donati, wastaafu watatu wa kiwanda kilichounda kompyuta kongwe inayoipiga kengele hiyo walikuwa wanatafutana ubaya. Gerard, waliyembandika jina la Kabati, alikuwa kavaa suti. Bintiye anaolewa saa sita mchana, na alishamwahidi kwamba kengele italia.

— Waya, jana ulifanya nini kule kanisani? Kabati akamuuliza mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa kusifu kila kifaa cha kuchomeka kwa waya.

— Nilichomoa kadi moja ya kompyuta, nikaipangusa vumbi. Basi.

— Umeme ukiwaka?

— Kwani nyumbani nikichomoa kipanya huwa nazima kompyuta?

— Mungu wangu! Kipanya kiko nje, kimefungwa kamba kama mbuzi. Hakisemi mpaka kiulizwe. Kadi zinakaa ndani ya kabati, bega kwa bega, zimechomekwa kwenye ubao mmoja wa nyuma, zinapokezana njia zilezile. Wewe umeng'oa mtu katikati ya maongezi!

— Ndiyo maana soko liliwakimbia ninyi wa makabati, mzee. Kitu gani hicho hakiguswi? Waya ni uungwana.

Wa tatu wao, Mwenyekiti, aliyezeekea kwenye kamati za viwango bila kupitisha hata kimoja, akainua kikombe.

— Mimi nasema kadi zilizobaki zimeona mwenzao kaondolewa bila kikao. Zimegoma.

— Kunywa kahawa yako, wewe, Kabati akamkatiza.

— Kengele ingekuwa ya waya, Waya akadakia, tungeichomeka hata kwenye simu ya bwana harusi!

Kabati hakucheka. Aliitazama saa yake, akaitazama tena.

Mchungaji Ingrid wa kanisa hilo, mgeni mjini, akatoka dukani na donati mkononi.

— Wazee wangu, huo ubao wa nyuma mnaougombania aliuchora nani? Si tumwite?

Waya akachunguza viatu vyake. Mwenyekiti akakoroga kahawa isiyo na sukari. Wote walimjua: dada yake Kabati, aliyewahama kiwandani akaenda kwa washindani wao, watu wa waya. Tangu hapo kaka mtu humwita "yule", jina lake halitaji, na harusini hakumwalika.

— Anakaa ng'ambo ya mto tu, Waya akanong'ona.

Kabati akatoa simu, akabonyeza namba bila kuitafuta popote, kisha akamsukumia Mchungaji.

— Ongea wewe.

— Inaita. Niseme namtaka nani?

Kabati akalegeza tai.

— Lorraine.