Mama Mistari Anaondoka, Pampu Isizimwe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shirika letu la maji, Mama Mistari atakabidhi ufunguo wa chumba cha takwimu, birika lake la umeme, na kiti kile ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuruhusiwa kukikalia. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko. Humu tutamwita kama tunavyomwita kila siku, maana ukilitaja jina la kwenye kadi hapa ofisini, watu watakuuliza huyo ni nani.

Alikuja na shahada ya takwimu na rula ya chuma. Enzi hizo chati zilichorwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, nje ya ofisi ya mkurugenzi, na mkuu wa idara ambaye mstari wake umeshuka alizunguka jengo zima ili asipite hapo. Unyenyekevu si sifa tutakayomsingizia leo. Mama Mistari alikuwa akizisahihisha chati za magazeti kwa kalamu nyekundu, kisha anayarudisha magazeti hayo mezani mapokezi ili wageni nao wajifunze.

Miaka saba iliyopita chati zilihamia kwenye tovuti yetu, na hapo ndipo matatizo yalipoanza kuwa na rangi. Vituo vyetu ni vinne. Kile cha mjini kinasukuma mamilioni ya lita kwa mwezi; cha mlimani kinahudumia shule moja, zahanati moja na nyumba za kuhesabika. Vyote vikichorwa kwa lita, mstari wa mjini unaelea juu, na wa mlimani umelala sakafuni kama uzi uliodondoka kwenye nguo. Kila msimu wa bajeti mtu aliunyooshea kidole mstari ule na kuuliza mbona kituo hicho hakisogei, si kifungwe tu. Na kila msimu wa bajeti fundi pampu wa mlimani, ambaye ndiye mfanyakazi pekee wa kituo hicho na anaishi na mkewe nyumba ya pili kutoka kwenye mtambo, alimpigia simu Mama Mistari kuuliza kama bado ana kazi.

Jibu la Mama Mistari lilikuwa rahisi, nami naomba uvumilivu wa msomaji nilieleze polepole, kwa kuwa baadhi yetu tulilielewa mwaka jana tu. Mtoto mchanga akiongeza kilo tatu na baba yake akaongeza kilo tatu, kilo ni zile zile, ila mtoto amekua na baba amenenepa. Ukitaka kuwalinganisha, usitazame kilo. Tazama kila mmoja ameongeza sehemu gani ya alivyokuwa mwanzo. Basi akaipanga chati upya: mistari yote minne ianze sifurini, siku moja, kisha kila mmoja uonyeshe umepanda au kushuka kwa asilimia ngapi tangu siku hiyo. Uzi ukainuka sakafuni. Mlimani walikuwa wamepanda asilimia arobaini, mjini sita. Fundi pampu akapata bajeti ya mwaka mwingine, na simu ya msimu ule ikawa ya kumjulia hali tu.

Kwa kuwa alijua asilimia nazo zina ujanja wake, aliweka kisanduku kidogo kinachofunguka ukigusa mstari kwa kipanya, kikionyesha asilimia na lita kwa pamoja. Hakikuweza kutuzuia. Ofisi nzima iliugua asilimia. Mpishi wa kantini alitangaza kwamba mauzo ya mayai ya kuchemsha yamekua kwa asilimia mia mbili. Tulipougusa mstari wake tukakuta yai moja limekuwa matatu.

Ugonjwa mkubwa zaidi ulitoka kwenye kile kishikio kilicho chini ya chati. Ukikiburuta kushoto au kulia unabadilisha siku ya kuanzia, na mistari yote inajihesabu upya kutoka hapo. Mama Mistari alikiweka ili watu waulize maswali. Wakuu wa idara wakakitumia kupata majibu. Mkuu wa usambazaji aliburuta hadi siku ambayo bomba kuu lilipasuka, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kilikuwa maendeleo. Mkuu wa mauzo alipenda mwezi wa mvua kubwa, ambao watu walikinga maji ya bure kwenye mabati. Vikao vikawa vya kunyang'anyana kipanya. Mkurugenzi wetu alipochoka, akaagiza kishikio kifungwe na siku ya kuanzia iwe moja kwa wote: siku aliyoingia yeye madarakani. Mama Mistari alikifunga bila ubishi. Hata yeye alikuwa amechoshwa na buruta-buruta.

Matokeo yalikuwa ya kupendeza mno. Mistari iliruka hadi asilimia tisini, na mkurugenzi akaamuru chati ichapwe kubwa na kuwekewa fremu. Sisi wengine hatukugundua kwamba mistari iliyoruka ilikuwa mitatu. Mama Mistari ndiye aliyegundua, na kwa ukweli wa siku ya leo lazima tuseme kwamba hakujilaumu hata kidogo. Alimlaumu fundi wa kompyuta. Kwa wiki tatu kijana wa watu alibadilisha rangi za mistari, akaondoa programu, akairudisha, akakaripiwa kila asubuhi, na mstari wa mlimani haukuonekana.

Wakati huo huo idara ya mipango, ambayo huhesabu vituo kwa kuhesabu mistari, iliandaa bajeti ya vituo vitatu. Fundi pampu akapokea ujumbe wa kumshukuru kwa utumishi wake na kumwomba arudishe funguo. Akampigia Mama Mistari.

"Dada, nasikia nimefungwa tangu mwezi uliopita," alisema. "Sasa hii inayonguruma hapa nyuma yangu ni nini?"

Mama Mistari aliusikia mngurumo ule kwenye simu, akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza wiki tatu kabla: siku ile alipoingia mkurugenzi, kituo cha mlimani kilikuwaje? Fundi hakuhitaji kufikiri. Waliitwa wote makao makuu kumpokea bosi mpya. Vituo vingine viliacha mtu mmoja mmoja kwenye mitambo. Yeye alikuwa peke yake, kwa hiyo alizima pampu, akavaa shati safi, akaja.

Msomaji mvumilivu ameshaona. Tano zikiwa sita, unaweza kusema zimepanda asilimia ishirini. Lakini aliyeanza na sifuri amepanda asilimia ngapi? Hilo halihesabiki, na kompyuta ikishindwa kuhesabu haichori. Mstari haukuharibika. Ulikosa pa kuanzia.

Siku ya bodi kutia saini bajeti, mkurugenzi alimaliza kuisifia fremu yake, na Mama Mistari akasimama bila kuombwa.

"Mkurugenzi, siku hiyo fundi wa mlimani alizima pampu ili aje kukupigia makofi," alisema. "Ukianzia hapo, hayupo. Na hawa wengine wameruka hivi kwa sababu siku hiyo walisukuma maji kidogo; mafundi wao nao walikuwa hapa, wanapiga makofi."

Wajumbe wa bodi, ambao nao siku ile walipiga makofi, waliitazama mikono yao. Mkurugenzi aliitazama fremu yake. Tumpe haki yake: alikuwa na la kupoteza, na alilipoteza kwa sauti ya kawaida.

"Basi niandikeni nilianza kazi kesho yake," alisema.

Kishikio kilisogezwa siku moja. Tisini ikashuka ikawa tisa, hakuna aliyepiga makofi, na chini ya ile mistari mitatu ukachomoza wa nne, ukaipita yote. Bajeti ikaandikwa upya. Funguo za mlimani hazikurudishwa. Kufuli la kishikio liliondolewa wiki hiyo hiyo kwa ombi la mkurugenzi mwenyewe, ambaye baada ya kuonja asilimia tisa alitaka kutafuta tarehe nyingine. Kijana wa kompyuta alipelekewa birika la chai na Mama Mistari kwa mkono wake. Kwa wanaomfahamu, hiyo ni hotuba nzima.

Sasa anakwenda kuishi na bintiye, ambako tayari amechora urefu wa wajukuu kwenye fremu ya mlango, kila mmoja akipimwa kutoka pale alipoanzia. Tunaambiwa kitinda mimba anashinda kila mwezi na mkubwa ameshakata rufaa.

Utawala ulikuwa umeandaa tangazo la kuviita vituo vyote kwenye hafla ya kumuaga. Alilikata kwa kalamu yake nyekundu. Kwa hiyo tarehe 30 kutakuwa na kiti kitupu safu ya mbele. Ni cha fundi pampu. Atakayetaka kujua yuko wapi aufungue ukurasa wa chati, auguse mstari wa mlimani kwenye tarehe hiyo, asome lita.

Asante kwa yote, Mama Mistari. Pumzika ukiwa na afya na furaha, na siku zako mpya zianzie pale utakapopenda kuburuta mwenyewe.