Jibu Ambalo Elda Alikataa Kulitazama

Amahoro kwenu nyote mliofika hapa Rumonge, wachungaji, majirani, walimu na wavuvi, mimi ni Seth, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu mzee Léonard Bukuru, na familia imenituma niwasomee maisha ya mtoto wetu, Daktari Elda Dusabe, kazi ambayo kwa umri wangu nilitegemea yeye ndiye angenifanyia mimi.

Elda alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wilaya ya Mpanda, Tanzania, akiwa mtoto wa pili wa mzee Léonard na mama Marcelina, waliovuka ziwa mwaka 1972 wakitokea hapa hapa Rumonge, na ndugu yake mkubwa ni Melkiades, huyu mnayemwona ameketi karibu na jeneza, na ambaye tangu jana hajakubali kula.

Alianza shule ya msingi hapo Mishamo mwaka 1989, mimi nikiwa mwalimu wake wa hesabu, na nasema wazi kwamba alikuwa mwanafunzi msumbufu, kwa maana hakukubali jibu kwa sababu tu mwalimu amelisema. Akasoma sekondari Mpanda, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu hisabati mwaka 2005 na shahada ya pili ya hisabati tumizi mwaka 2007. Familia iliporudi nyumbani Oktoba 2008, yeye alikaa nasi mwaka mmoja tu, akapata burse, yaani ufadhili wa masomo, ya kwenda Louvain, Ubelgiji, ambako mwaka 2014 alipata udaktari wa fizikia ya chembe, zile chembe ndogo kuliko vumbi ambazo vitu vyote vimeundwa kwazo, na mama Marcelina alipouliza zinaliwa na nini, Elda alicheka mpaka akaketi chini.

Huko Ulaya ndiko alikokutana na Mardochée Cubaka, injinia, mwana wa Uvira, wakafunga ndoa hapa Rumonge tarehe 14 Julai 2012, na Mungu akawajalia watoto wawili, Schékinah, aliyezaliwa mwaka 2013, na Irakoze, aliyezaliwa mwaka 2017, ambaye bado anauliza mama atarudi saa ngapi.

Tangu mwisho wa mwaka 2014 alifundisha hisabati Bujumbura, na wengi tulidhani sasa ametulia, kumbe mwaka 2016 akaanza tena kusoma, safari hii sheria, jioni baada ya kazi, akaimaliza mwaka 2021. Nilimwuliza, mtu mwenye udaktari anatafuta nini kwenye dawati la wanafunzi, akanijibu kwamba ameona kanuni nyingi zinawabana watu na hakuna anayerudi kupima kama zimeleta faida, na kwamba anayetaka kuzipima lazima ajue mambo yote mawili, namna zinavyoandikwa na namna ya kuhesabu.

Basi mwaka 2024 ziwa letu lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane, Elda aliona kazi yake imefika mlangoni kwao. Mnajua wenyewe miezi ile ilivyo, nyavu zimekunjwa, sufuria nyepesi, na nyumba ya Melkiades iliumia kama nyumba zenu. Elda alitaka kujua jambo moja, je, samaki wetu, ndagala na mukeke, wameongezeka kweli kwa sababu ya kufungwa, ili njaa ile iwe na maana, au hawakuongezeka, ili yeye mwenyewe aende mbele ya wakubwa kudai kanuni ibadilishwe.

Akatuma wanafunzi kupima mavuno kuanzia Kabezi na Muhuta hadi Nyanza-Lac, na hesabu za kwanza zikaonyesha kwamba samaki wa Rumonge wamezidi wa ufuko wote, jambo ambalo hisabati yake ilikataa kulimeza. Alipokuja kuuliza, mzee Ismaili wa hapa ufukweni alimjibu bila kuficha, "Sisi tulikuongezea mabeseni kwenye hesabu, mama profesa, wewe iko mutoto wetu, hatukutaka upate aibu kule kwa wazungu." Elda hakukasirika, aliwashukuru, akafuta hesabu zote za Rumonge, akaanza upya kwa mizani. Lakini siku ile aliniambia kwamba kama wazee wale wameongeza kwa upendo, yeye ambaye kaka yake ni mvuvi anaweza kupunguza kwa upendo vilevile, ili ziwa lisifungwe tena, bila kujijua.

Ndipo akaleta desturi ya wanafizikia wa chembe, ambao hufichwa jibu mpaka wote wakubaliane kwamba njia ya kuhesabu ni sahihi, kwa sababu mtu akishajua anachokitamani, macho humsaidia kukiona. Kompyuta ilichanganya hesabu zake na namba ya siri, akafanya kazi yote bila kuona jibu, na wavuvi na wakubwa wa ziwa wakakubaliana kwamba jibu litafunguliwa hadharani, hapa ufukweni, tarehe 16 Agosti 2025. Melkiades alimwomba achungulie na kumdokezea tu, akakataliwa, wakakaa wiki kadhaa hawasemeshani, ndugu wa tumbo moja.

Januari mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na mwezi wa pili madaktari wa Kigali wakaona saratani ya kongosho, tayari imeenea. Alirudi Bujumbura, akafanya kazi akiwa kitandani mpaka Julai, na siku hesabu zilipokamilika, zimebaki kufunguliwa tu, alikuwa hawezi tena kuinua kikombe. Mwenzake wa kazi, Aristide, alikuja hospitalini na kompyuta, akamwambia kwamba afungue tu aone, hakuna mtu yeyote duniani atakayemlaumu. Mimi nilikuwepo, Melkiades alikuwepo, na kusema kweli sote tulitaka afungue. Elda aliitazama ile mashine muda mrefu, machozi yakimtoka, akasema, "Niko nataka kujua kuliko ninyi wote. Lakini tukifungua kwa ajili ya mugonjwa, kesho tutafungua kwa ajili ya mukubwa. Funga, Aristide." Melkiades akamshika mkono, na hawakuachana tena mpaka alipokata roho, Jumatano tarehe 30 Julai 2025, asubuhi.

Jana baadhi yenu mlituomba jibu lifunguliwe leo, mbele ya jeneza, kama heshima kwake, nasi tukakaa kikao, na aliyesema hapana kabla ya wote ni Melkiades, mwenye nyavu. Kwa hiyo litafunguliwa tarehe 16 kama ilivyokubaliwa, na wavuvi wamemchagua yeye asimame mahali pa dada yake, naye ameahidi kulipokea hata likimwumiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigali na Bujumbura waliompunguzia maumivu, majirani walioleta maji na kuni na kulala nasi chini, walimu na wanafunzi wake, na wavuvi waliobeba jeneza kutoka barabarani, murakoze cane.

Na wewe Elda, mwanangu, wiki mbili zijazo tutasimama pale ufukweni na kulijua lile jambo ulilotaka kulijua kuliko sisi wote, na tutageuka kukuambia, na hutakuwepo. Hilo ndilo linalotuvunja moyo. Lala sasa, umemaliza kazi yako vizuri, upumzike kwa amani.