Nililamba Sabuni ya Tajiri

Nisikilizeni, kina mama, na nyinyi wababa mliokaa kule nyuma kana kwamba mmepotea njia. Wengine wakisimama hapa mbele ya chama chetu huanza na machozi. Mimi naanza na hasira, kwa sababu ndiyo iliyoniamsha, na bado ninayo. Jina la mtu sitataja. Anayejijua atajijua, maana Arua si kubwa hivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Koboko, mke wa askari. Vita vilipokuja mwaka wa sabini na tisa, mume wangu aliondoka na wenzake na mpaka leo sijui kaburi lake liko wapi. Nilivuka kwenda Kongo na watoto wangu na sufuria moja kichwani. Upande wa Aru, mama mmoja wa Kikongo alinichukua nimsaidie kupika sabuni. Tulitumia mafuta ya mawese, maji ya majivu, na pipa lililokatwa nusu. Alinifundisha jambo moja kuliko yote: kabla ya kumimina, weka tone la sabuni kwenye ulimi.

“Ikikuchoma kama betri, haiyaiva,” aliniambia. “Ukimuuzia mutu sabuni mbichi, umemuibia ngozi yake.”

Basi nikawa mtu wa kulamba sabuni. Cheka tu, dada, lakini nililea watoto kwa ulimi huu.

Tulirudi nyumbani miaka ya themanini. Pale palipokuwa na nyumba yangu Koboko pameota nyasi, nikashuka Arua. Huko nilikutana na mwenzangu tuliyepika naye kule Aru. Nitamwita Mama wa Moto, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuni. Tukatafuta pipa, tukaita wajane wengine, tukaanza kupika sabuni. Mawese tuliyafuata Aru, tukayapitisha njia za porini kuzunguka kizuizi cha Vurra, kwa sababu wenye forodha waliyaita magendo. Nimeshapigwa fimbo za miguu kwa sababu ya jerikani ya mawese. Nani hapa hajapigwa? Nyamazeni basi, tunajuana.

Halafu akaja mheshimiwa kutoka Kampala, akasimama sokoni na kipaza sauti. “Kuanzia sasa iko soko huria! Hakuna mutu atakuuliza mzigo yako natoka wapi!” Wenzangu, nawaambia, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nilidhani vizuizi vinaondolewa kwa ajili yetu. Siku ile mtu angeisema serikali vibaya mbele yangu, ningemchapa na mwiko wa sabuni.

Wiki haikuisha, nikaenda Aru kwa baiskeli, nikanunua mawese, nikarudi kwa barabara kubwa, mchana, kichwa juu. Pale Vurra afisa akagonga jerikani yangu kwa fimbo.

“Mama, hii iko magendo.”

“Afande, si walisema soko huria?”

Akamwita mwenzake aje asikie, wakacheka wote wawili. “Huria iko ya mwenye karatasi. Wewe iko na karatasi?”

Nyuma yangu lori likapiga honi. Lilikuwa limebeba mapipa ya mawese. Yale yale! Ya mti ule ule, ya Kongo ile ile! Dereva alionyesha karatasi, mti wa kizuizi ukainuliwa. Mwenye lori, tajiri tunayemjua wote, alikuwa amekaa mbele. Afande akamwaga mafuta yangu barabarani, na magurudumu ya lori yakapita juu yake. Yule tajiri akatoa kichwa dirishani akaniambia, “Pole, mama.” Pole! Nilirudi Arua nikifuata alama nyekundu za matairi yake, na mafuta yale ni yangu.

Mawese yake yalikwenda viwanda vya mbali, yakarudi sabuni ndefu, imefungwa kwenye katoni. Bei yake ilikuwa chini ya ile tuliyonunulia sisi mafuta peke yake. Tungeshindana vipi? Watu walinunua ile, hata dada yangu wa damu alinunua, na sikumlaumu. Moto wetu ukazimika. Mmoja alikwenda kulima mashamba ya watu kule Inde, mwingine akarudi kwa wazazi akiwa na mvi. Mimi nilimtoa binti yangu shuleni. Nikawa mtu wa kulala mchana, uso ukutani.

Na maneno ya bombani mnayakumbuka. Wengine walisema ni Wakongo wametuharibia. Wengine wakasema ni wakimbizi wa Sudani, wauza sabuni ya msaada. Hakuna aliyesema habari za karatasi. Mimi nimekuwa mkimbizi, nimekula ugali wa watu nikiitwa mgeni, kwa hiyo hapo sikukubali. Lakini siasa niliitapika. Mtu akiniambia kura, nilimuuliza, “Kura naweza kufulia nguo?”

Ukafika uchaguzi wa baraza la mtaa. Mnajua ulivyokuwa: hakuna sanduku, mgombea anasimama uwanjani na wewe unapanga mstari nyuma ya mgongo wake. Tajiri wetu akagombea uenyekiti. Ikasikika kwamba anayesimama nyuma yake anapewa sabuni.

Nilikwenda. Nisiwafiche, nilikwenda kwa ajili ya sabuni. Nyumbani hapakuwa na kipande hata cha kunawia mikono. Mimi, mpika sabuni! Kuna kuanguka, ndugu zangu, halafu kuna kule.

Nikapewa kipande changu, nikasimama. Mbele yangu alikuwa Mama wa Moto, amekonda, na kipande chake mkononi. Mstari ulikuwa mrefu na jua kali. Mkono una mazoea yake. Nikamwona anainua kile kipande, anakilamba. Mabega yakaruka. Akanigeukia.

“Haiyaiva,” akasema.

Nikalamba changu. Kilinichoma mpaka kwenye sikio.

“Huyu mutu,” akasema Mama wa Moto, “hata hongo natupatia mbichi!”

Tulicheka. Tulicheka tukashikana, kamasi zikatutoka, na katikati ya kicheko hicho nikaona mafuta yangu barabarani pale Vurra. Kicheko kikakatika. Alichukua mafuta yetu, akachukua kazi yetu, akarudi kutupa sabuni ya kuchubua ngozi, na sisi tumempangia mstari! Nikatoka.

Msimamizi akanikemea. “Wewe mama, rudi kwa mustari! Kama hapana huyu, wewe nasimama nyuma ya nani?”

Nikamwambia kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja, “Nasimama nyuma ya mafuta yangu yaliyomwagwa Vurra!” Mama wa Moto akaja nyuma yangu. Wakaja wajane wenzetu. Wakaja vijana wa baiskeli wanaobeba mawese. Mama mmoja wa Sudani aliyeuza unga kando ya uwanja, ambaye hana hata ruhusa ya kura, akatupigia kigelegele kimoja kirefu.

Msinipigie makofi, tajiri alishinda. Alishinda kwa mbali sana. Lakini sisi tuliotoka hatukwenda nyumbani. Tulikaa pale kwenye nyasi, na chama hiki kilizaliwa pale.

Siku ya soko iliyofuata tulikwenda Vurra kwa barabara kubwa, wote, kila mtu na jerikani yake. Hatukuuliza kama inaruhusiwa. Tuliuliza karatasi inatolewa wapi. Afande akasema rudini kesho, tukaketi juu ya jerikani zetu mbele ya kizuizi. Malori yakapiga honi, na lake lilikuwamo. Jua halijazama, karatasi ikapatikana kwenye meza ile ile, imeandikwa jina la chama. Kumbe siku zote ilikuwa pale!

Leo moto wetu unawaka na binti yangu amerudi darasani. Namshukuru yule mama wa Aru, popote alipo. Nakushukuru, Mama wa Moto, usijifiche, inuka wakuone. Nawashukuru vijana wa baiskeli, na yule dada wa Sudani ambaye sasa anapika nasi. Funzo langu ni dogo: mtu akikuita usimame nyuma ya mgongo wake, kwanza lamba alichokupa.

Mchungaji na sheikh, wote wawili, wameniomba nimalize kwa kumsamehe yule mtu. Nimewasikia. Msamaha wangu bado uko kwenye pipa, unachemka. Nimeulamba asubuhi hii kabla ya kuja hapa. Bado unachoma.